Kusadikika na Wasomaji Wake: Fumbo, Njozi au Kejeli?

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza ubishi ambao umedumu kwa zaidi ya miaka sabini miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili juu ya kitabu kimoja kidogo, yaani Kusadikika cha Marehemu Shaaban Robert, kilichochapishwa mara ya kwanza na kampuni ya Thomas Nelson mwaka 1951. Wako wasemao kuwa kitabu hiki ni fumbo juu ya serikali ya kikoloni. Wako wasemao kuwa ni njozi ya mtu mwema aliyeiota nchi njema. Na wako wasemao kuwa ni kejeli inayomgusa kila mtawala azibaye masikio, awe mgeni au mwenyeji. Kila kundi lina hoja zake, na kila kundi huwadhania wengine kuwa hawakusoma vema.

Kutoa hukumu ya fasihi ni kazi yenye wenyewe, nasi hatukusudii kuwanyang'anya. Tunalitazama jambo hili kwa jicho la istilahi. Tunaona ya kuwa ubishi huu, ambao kwa juu huonekana kuwa ni wa siasa, kwa sehemu kubwa umetokana na majina. Aliyeambiwa kuwa amepewa fumbo hutafuta jibu. Aliyeambiwa kuwa amepewa njozi hutafuta kama ndoto hiyo yaweza kutimia. Aliyeambiwa kuwa amepewa kejeli hujitazama kwanza, asije akawa ameguswa yeye. Kitabu ni kile kile. Jina tulilokipa ndilo lililotutuma kutafuta vitu mbalimbali.

Ili hoja zetu zisielee angani kama nchi ya Kusadikika yenyewe, tumezifunga mahali pamoja, napo ni kusini mashariki mwa Tanzania: Masasi, penye vilima vya mawe chini ya uwanda wa juu wa Makonde, na Newala, iliyo ukingoni mwa uwanda huo, juu ya bonde la Ruvuma. Tumechagua sehemu hiyo kwa sababu tatu. Kwanza, Shaaban Robert, ingawa alizaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa wa asili ya Kiyao, na Wayao ni miongoni mwa wenyeji wa Masasi na Newala, pamoja na Wamakonde na Wamakua. Pili, historia ya Kiswahili cha maandishi ina njia yake ipitayo Masasi. Tatu, watu wa uwanda huo wana sanaa yao ya zamani ya kuwacheka wakubwa, na sanaa hiyo inatusaidia kuelewa namna kitabu hiki kinavyofanya kazi.

Kisa na Mashtaka

Kwa faida ya wale waliokisoma zamani, tukumbushe kisa kwa ufupi. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Waziri wake aitwaye Majivuno amemshtaki kijana Karama mbele ya mfalme kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya uanasheria. Karama anapewa siku sita za kujitetea. Katika siku hizo hasemi sana habari zake mwenyewe. Anasimulia habari za wajumbe sita waliopata kutumwa nchi za jirani ili walete mambo ya manufaa, nao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alirudi na mapendekezo ya kuifaa nchi yake, na kila mmoja aliishia kifungoni. Mwisho wa utetezi, mfalme anakubali, Karama anaachiliwa, wajumbe wanafunguliwa, na mashauri yao mema yanapokewa.

Msomaji ataona mara moja kuwa kosa la Karama ni la ajabu. Hakuiba, hakuua, wala hakuasi. Aliwafundisha watu sheria ile ile inayowahukumu. Hapo ndipo ubishi wa wasomaji unapoanzia.

Makundi Matatu ya Wasomaji

Kundi la kwanza linasimama juu ya mwaka wa kitabu. Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Waingereza. Mwandishi mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali hiyo tangu mwaka 1926, alipoanza kazi ya ukarani katika idara ya forodha. Mtumishi wa namna hiyo hakuweza kuandika waziwazi kuwa serikali yake ni dhalimu na bado akapata mchapishaji na mshahara. Tena, wasomaji hawa wana hoja nzito juu ya elimu ya sheria. Wakati Kusadikika kinatoka, hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja cha kufundisha sheria katika Tanganyika. Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, wiki chache kabla ya Uhuru. Aidha, katika mahakama za wenyeji wa enzi hizo mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Mkulima wa Newala aliyeshtakiwa alihukumiwa kwa sheria ambayo hakufundishwa, wala hakuruhusiwa kuleta mtu aliyefundishwa. Kwa wasomaji hawa, Karama ni Mtanganyika, na Majivuno ni mkoloni. Fumbo limefumbuliwa.

Kundi la pili linauliza: ikiwa jibu ni hilo tu, mbona kitabu hakikufa Desemba 1961? Wasomaji hawa wanatukumbusha kuwa Kusadikika ina mfalme na mawaziri wake yenyewe. Haitawaliwi na wageni. Wanatukumbusha pia kuwa mwaka 1962, mwaka ule ule aliofariki Shaaban Robert, Tanganyika huru ilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani. Hawasemi kuwa mwandishi aliyatabiri hayo. Wanasema kuwa alieleza tabia ya madaraka, na tabia hiyo haina rangi ya ngozi. Kwao, Majivuno ni jina la ugonjwa, na ugonjwa huo hauulizi cheti cha kuzaliwa.

Kundi la tatu lilipata nguvu baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hasa miongoni mwa wahakiki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Euphrase Kezilahabi, ambaye naye ni mwandishi mashuhuri wa riwaya, aliandika tasnifu yake ya mwaka 1976 juu ya Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya, na wahakiki wengine walizijadili nchi zake za kubuni, Kusadikika na Kufikirika, kwa mkabala wa kitabaka. Lawama iliyosikika sana katika mjadala huo ni hii: umma wa Kusadikika hautendi jambo. Mtu mmoja mwenye ufasaha anasema siku sita, mfalme anageuka moyo, na nchi inapona. Madaraka, wakasema, hayaachii vitu vyake kwa kuombwa kwa maneno mazuri. Kwa hiyo kitabu ni njozi.

Nasi tunakiri kuwa makundi yote matatu yanasoma maneno yaliyomo kitabuni, hakuna linalozua. Tofauti ni kwamba la kwanza linatazama mwaka wa kuandikwa, la pili linatazama tabia ya wahusika, na la tatu linatazama mwisho wa kisa. Ili kuona kwa nini maneno yale yale yanabeba mizigo mitatu, hatuna budi kurudi nyuma na kutazama maneno hayo yalivyowafikia watu wa kawaida.

Kiswahili Kilivyofika Masasi na Newala

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu aliondoka Unguja pamoja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akawafikisha Masasi wakaanzisha makazi huko. Steere huyu ndiye aliyechapisha mwaka 1870 kitabu chake cha kujifunzia Kiswahili cha Unguja, na mkusanyo wa hadithi za Kiswahili mwaka huo huo. Kwa hiyo Masasi ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za bara kufikiwa na Kiswahili cha kitabu, mkononi mwa mtu aliyekuwa akikiandikia sarufi. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Wamagwangwara waliishambulia Masasi, na kazi ya misheni ikahamishiwa kwa muda Newala, katika nchi ya Matola, mkuu wa Wayao wa huko.

Kiswahili cha namna ya pili kilikuwa kile cha misafara iliyopita kwenda na kutoka pwani. Cha namna ya tatu kilikuja na Wadachi, mdomoni mwa akida na katika karatasi za boma. Baada ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, ambavyo viliikumba misheni ya Masasi pia, amri za kodi na kazi zilitolewa kwa Kiswahili hiki cha tatu. Waingereza walipopokea nchi walitafuta machifu, nao hawakupata chifu mmoja wa Wamakonde wote, kwani Wamakonde walikuwa na wakulungwa, kila mmoja na watu wake. Maliwali na maakida wakaendelea kuwa sura ya serikali, na lugha yao ilikuwa Kiswahili.

Tunayataja haya kwa sababu yana uzito katika suala letu. Kwa mtu wa Newala wa mwaka 1951, Chimakonde au Chiyao kilikuwa lugha ya nyumbani, ya jando na ya ngoma, na kicheko juu ya wakubwa kilikuwa humo. Kiswahili kilikuwa lugha ya sala, ya shule na ya amri. Kitabu kilichoitumia lugha ya amri kuihoji amri kilikuwa jambo jipya. Huenda hiyo ndiyo sababu mojawapo ya wasomaji wengi kukipokea kwanza kama fumbo: hawakuwa wamezoea kuisikia lugha ya boma ikilicheka boma.

Maneno Matatu: Shauri, Raia, Sheria

Tutazame sasa maneno matatu ambayo msomaji hawezi kuieleza Kusadikika bila ya kuyatumia.

La kwanza ni shauri. Katika Kiswahili cha kawaida neno hili lina maana mbili: nasaha, na kesi. Maofisa wa Kidachi walilichukua katika lugha yao wenyewe, na kikao cha hukumu mbele ya boma kikaitwa shauri. Mzee wa Masasi aliyesikia kuwa ana shauri kwa akida hakutarajia nasaha. Lakini mbele ya mkulungwa, maana hizi mbili zilikuwa hazijaachana sana, kwani ugomvi uliamuliwa kwa kushauriana. Sasa tazama kisa cha Karama. Ameitwa katika shauri kwa maana ya kesi, naye kwa siku sita analigeuza kuwa shauri kwa maana ya nasaha. Mwisho wake mfalme hatoi hukumu juu ya mshtakiwa tu, anapokea ushauri. Kitabu kizima, kwa njia moja, ni safari kutoka maana moja ya neno hadi nyingine. Siku hizi istilahi zetu za utawala zimeelekea kuzitenga maana hizi: twasema kesi, ushauri, mashauriano. Utengano huo ni wa lazima katika ofisi, lakini mwalimu asipoueleza, mwanafunzi wa leo hataliona daraja hilo lililo katikati ya kitabu.

La pili ni raia. Neno hili kwa asili yake ya Kiarabu lina maana ya watu walio chini ya uangalizi wa mtawala, kama kundi chini ya mchungaji. Mwaka 1951 raia wa Tanganyika alikuwa mtu anayetawaliwa. Baada ya Desemba 1961 neno hilo hilo likabeba maana ya mwananchi mwenye haki katika dola yake. Neno halikubadilika herufi hata moja, lakini msomaji wa mwaka 1951 na msomaji wa baada ya Uhuru hawasomi jambo moja wanaposoma juu ya raia na mfalme wao. Wa kwanza anaona watu wanaoomba. Wa pili anaona watu wanaodai. Lawama ya kundi la tatu, kwamba umma wa Kusadikika hautendi, imeandikwa na watu waliokwisha kuwa raia kwa maana mpya.

La tatu ni sheria. Kwanza lilikuwa neno la dini ya Kiislamu. Baadaye likawa neno la serikali. Watu wa Masasi na Newala walikuwa na mila zao za kuamua urithi, ndoa na mashamba, na sheria ilipokuja ilikuja kutoka nje. Katika miaka ya 1970, familia za uwanda wa Makonde, kama za mikoa mingi, zilihamishiwa katika vijiji, na Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ikapitishwa mwaka 1975. Mwenye kijiji aliyekisoma Kusadikika katika miaka hiyo alikuwa na sababu ya kuuliza swali la Karama: sheria hii inasema nini, na nani atanifundisha? Kuuliza hivyo hakukumfanya kuwa mpinzani wa Ujamaa, kama vile Karama hakuwa mpinzani wa mfalme wake.

Kwa hiyo maneno yenyewe yametembea chini ya kitabu. Wasomaji wanaogombana mara nyingi wamesimama juu ya neno moja katika nyakati mbili tofauti.

Kinyago na Kauli ya Kutendeka

Tulisema kuwa watu wa uwanda wa Makonde wana sanaa inayotusaidia. Katika ngoma zao za vinyago, mchezaji hujifunika kichwa kwa kinyago cha mti, kiitwacho lipiko, na mwili wake huufunika hata asitambulikane. Katika enzi ya ukoloni vilichongwa vinyago vya watu waliokuwa wakitazamwa kwa hofu au kwa mshangao: Mzungu, askari, mfanyabiashara mgeni. Kinyago kikiingia uwanjani, watu hucheka, kwa kuwa mwendo na maringo ya mkubwa yameletwa mbele yao yakiwa yametengwa na mkubwa mwenyewe. Na kuna adabu moja kubwa: haulizwi hadharani aliye ndani ni nani. Anayeuliza ameivunja ngoma.

Mbinu hiyo ina hekima. Kama kinyago kingekuwa na jina la mtu, mwenye jina angekasirika, na wengine wote wangeondoka salama. Kwa kuwa hakina jina, kila mwenye maringo hukitazama kwa wasiwasi. Methali yetu husema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Tungeongeza kuwa kinyago alichokichonga mwingine hutisha kwa sababu hujui kama alikutazama wewe alipokuwa akichonga.

Shaaban Robert alichonga namna hiyo, na alama ya kazi yake ipo katika jina la kitabu. Walimu wa sarufi wanajua tofauti ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Twaweza kusema mlango umefunguliwa na Juma. Hatuwezi kusema mlango umefunguka na Juma. Kauli ya kutendeka humficha mtenda, na hairuhusu atajwe baada yake. Kitenzi sadiki katika kauli ya kutendwa kingetulazimisha kuuliza: inasadikiwa na nani? Katika kauli ya kutendeka swali hilo halina mahali pa kukaa. Nchi hii inasadikika, basi. Mwandishi ametumia umbo la kitenzi kama mchezaji anavyotumia lipiko. Jina la Kufikirika, kitabu kilichotolewa mwaka 1967 baada ya kufa kwake, limejengwa kwa kauli ile ile.

Tukilifahamu hilo, tunaona kosa la ubishi wetu. Kundi la kwanza linataka kukivua kinyago na kumtaja mchezaji. Kundi la tatu linakilaumu kinyago kwa kuwa hakikushika silaha. Lakini kazi ya kinyago ni kuwafanya watazamaji wayaone maringo, na wakiisha kuyaona wasiweze tena kuyaheshimu.

Hata hivyo, hatulitupi kundi la tatu. Swali lake, kwamba baada ya kicheko kuna nini, ni swali la haki, na jamii isiyoliuliza itacheka daima bila ya kubadilika. Tunasema tu kwamba swali hilo tuulizwe sisi wasomaji.

Istilahi Tunazopendekeza

Mwandishi wetu alipata kuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mrithi wa kamati ile iliyoanza kazi mwaka 1930 ya kusanifisha Kiswahili. Alijua basi kazi zote mbili: ya kulifunga neno katika maana moja, na ya kuliachia neno libebe maana mbili. Istilahi hutaka neno moja liwe na maana moja, ili karani wa Newala na karani wa Bukoba waielewe barua kwa namna moja. Kejeli huishi kwa kinyume chake. Hatari hutokea pale tunapoisoma kejeli kama waraka wa ofisi, au tunapoandika waraka wa ofisi kama kejeli.

Kwa hiyo tunapendekeza majina yafuatayo yatengwe katika mafunzo na katika vitabu vya kiada. Fumbo litumike kwa usemi wenye jibu lililofichwa, ambao ukifumbuliwa umekwisha kazi. Istiari itumike pale kitu kimoja kinaposimama badala ya kingine. Njozi itumike kwa kazi inayochora nchi njema ili iwe kielelezo. Kinaya kitumike pale hali inapokuwa kinyume cha ilivyotarajiwa au maneno yanapobeba kinyume cha yanayosemwa. Kejeli ibaki kuwa jina la mbinu, yaani kuuonyesha uovu au ujinga kwa namna ya kuushusha heshima. Na tashtiti, neno ambalo wataalamu wa fasihi wamelitumia zaidi katika miongo ya karibuni, liwe jina la utanzu, yaani kazi nzima iliyojengwa juu ya kejeli. Kwa mpango huo Kusadikika ni tashtiti iliyojengwa kwa istiari na kuishia kwa njozi. Makundi yote matatu yamo, kila moja mahali pake.

Faida kwa Wafasiri, Walimu na Watumishi

Mfasiri atakayekihamishia kitabu hiki katika lugha nyingine atakutana kwanza na majina ya watu. Ridhaa ni kukubali kwa hiari. Auni ni msaada. Buruhani ni hoja au uthibitisho. Amini ni mwaminifu. Serikali ya Kusadikika imeifunga ridhaa, imeufunga msaada, imeufunga uthibitisho. Mfasiri akiyaacha majina hayo kama yalivyo bila ya maelezo, msomaji wake ataona wafungwa sita tu, na kejeli itakuwa imebaki mpakani. Akiyatafsiri yote kikavu, watu watageuka kuwa maneno ya kamusi. Ushauri wetu ni kuyaacha majina na kuweka ufafanuzi mwanzoni mwa kitabu. Tena asimtaje Mwingereza mahali ambapo mwandishi hakumtaja. Kazi ya mfasiri ni kukipeleka kinyago kikiwa kimevaliwa.

Mwalimu naye ana mzigo wake. Swali la mtihani liulizalo Majivuno anamwakilisha nani, likiwa na jibu moja tu katika karatasi ya kusahihishia, huwanyima alama wanafunzi waliosoma vizuri kuliko msahihishaji. Mwanafunzi wa Ndanda au wa Chidya anayeandika kuwa Majivuno anamkumbusha akida wa zamani, na mwenzake anayeandika kuwa anamkumbusha mwenyekiti fulani asiyesikiliza, wote wawili wapimwe kwa ushahidi walioutoa kitabuni. Swali bora ni hili: ni maneno gani ya kitabu yanayokuruhusu kusema hivyo? Swali hilo humfundisha mtoto kutoa buruhani, na humzuia pia kusema lolote limjialo.

Mtumishi wa serikali labda ndiye anayehusika zaidi. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua kubwa, na kazi ya kuzitafsiri sheria na kuziundia istilahi inatuhusu sisi sote tusomao kurasa hizi. Lakini sheria iliyoandikwa kwa Kiswahili kigumu kisichoeleweka na mkulima wa korosho wa Newala haijamfikia, hata kama imechapwa kwa lugha yake ya taifa. Katika Kusadikika, uovu wa Majivuno ulikuwa kuona kuwa sheria ni mali ya wanaotawala, na kwamba kuwafundisha wengine ni hatia. Mtungaji wa istilahi aundaye neno ambalo ni wataalamu tu wanaoweza kulifungua amekaa, bila ya kujua, karibu na kiti cha waziri huyo. Kila istilahi ya sheria ipimwe kwa swali hili: Karama angeweza kuifundisha?

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa maoni ya wasomaji juu ya Kusadikika yamegawanyika kwa sababu tumekiita kitabu kwa majina yanayodai mambo tofauti, na kwa sababu maneno yake makubwa yamebadilika maana kadiri nchi ilivyopita kutoka kwa akida hadi kwa liwali, na kutoka kwa liwali hadi kwa serikali ya wananchi. Historia ya Masasi na Newala imetusaidia kuyaona mabadiliko hayo mahali pamoja.

Ubishi wenyewe hatuombi uishe. Kitabu ambacho wasomaji wamekubaliana juu yake kabisa ni kitabu kilichofungwa. Tunachoomba ni kwamba wabishanao wawe na majina yaliyo wazi ya vitu wanavyobishania, na kwamba pasiwepo mtu wa kuwekewa alama ya kosa kwa sababu ameuona mkoba wa mtawala wake mwenyewe mikononi mwa Majivuno. Tunawakaribisha walimu, wafasiri na watumishi wa mikoa yote, hasa wale wanaojua maneno ya Chiyao, Chimakonde na Kimakua yahusuyo kejeli, mafumbo na hukumu, watuletee maneno hayo pamoja na mifano ya matumizi yake. Yamkini lugha hizo zina jina la jambo hili ambalo Kiswahili bado kinalitafuta.